Namna ya Kulitumia Neno la Kiingereza "afraid" Bila Kumtia Mtu Hofu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali moja hapa Kisumu, nikisubiri kuitwa, wakati mama mmoja mzee alipofika mlangoni pa daktari akiwa na mjukuu wake aliyevaa sare ya shule. Mumewe alikuwa ndani tangu asubuhi kwa shida ya kupumua. Daktari, kijana mpole, alitoka na faili mkononi akasema kwa sauti ya chini, "I'm afraid we'll have to keep him overnight." Mjukuu, ambaye bila shaka Kiingereza kilikuwa kikimpa alama nzuri darasani, aligeuka akatafsiri neno kwa neno: "Nyanya, daktari anaogopa. Anasema Babu atalala hapa." Mama yule hakuuliza habari za kulala. Aliuliza, "Anaogopa nini?" Kisha akajitanda leso kichwani, akaketi sakafuni, akasema, "Kama daktari mwenyewe ameogopa, sisi tushike wapi?" Tulichukua muda kumwinua na kumweleza kwamba daktari hakuogopa chochote, bali alikuwa akiitanguliza kwa adabu habari isiyopendeza.

Kwa kosa lile simlaumu mjukuu peke yake. Wengi wetu tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba "afraid" maana yake ni kuogopa, tukaishia hapo, tukaamini kwamba neno limekwisha. Mimi hufundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima: wahudumu wa hoteli, wachuuzi wa soko la Kibuye, waendeshaji wa boda boda na walinzi wanaotaka kujibu simu za mgeni bila kubabaika. Kwa uzoefu wangu, neno hili huwakwaza kuliko maneno mengi magumu zaidi, kwa sababu linaonekana jepesi. Ukitaka kulimudu, usianze na maana yake. Anza na aina yake, kisha uangalie linaandamana na nani.

Kwa aina, kuogopa ni kitenzi, lakini "afraid" ni kivumishi. Tofauti hii ndiyo mzizi wa makosa mengi. Katika Kiswahili tunasema "naogopa mbwa", na mbwa anafuata kitenzi moja kwa moja bila kuhitaji kiungo chochote. Ndiyo maana mwanafunzi husema "I afraid dogs", au akijitahidi kidogo, "I am afraid dogs". Sentensi sahihi inahitaji vitu viwili: kitenzi cha kuwa kabla ya neno, na kiungo baada yake, yaani "I am afraid of dogs". Mwanafunzi mwingine hukwepa shida hiyo kwa kusema "I am fearing dogs", msemo unaosikika kote nchini kwetu kuanzia Busia hadi Nakuru. Sote tunamwelewa, lakini katika Kiingereza sanifu hali ya moyo kama hofu kwa kawaida haitiwi kiambishi "-ing" cha jambo linaloendelea. Mtu husema "I fear", au kwa mazungumzo ya kila siku, "I'm afraid".

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya sarufi havilitaji lakini linatuhusu sana sisi wa upande huu wa nchi. Katika Kidholuo, "luoro" ni hofu na "luor" ni heshima, na masikio ya mgeni huenda yasitofautishe maneno hayo mawili. Kiswahili nacho kina kitenzi "kucha", ambacho leo tunakisikia zaidi katika kumcha Mungu, ambamo hofu na heshima zimesukwa pamoja kama nyuzi za kamba moja. Kwa hiyo Mkenya akisema anamwogopa baba yake, mara nyingi anasifu malezi: baba ni mtu wa neno lake, na mtoto hathubutu kumjibu ovyo. "Afraid" haina maana hiyo ya heshima. Ukimwambia Mwingereza "I am afraid of my father", atakachosikia ni kwamba baba yako anakupiga au anakutishia, na huenda akakuuliza kama unahitaji msaada. Ikiwa unachotaka kusema ni heshima, tumia "respect" na uiache "afraid" kwenye hofu yenyewe. Nimewahi kusoma barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa "I am afraid of my bosses" na mtu aliyedhani anajisifu kwa utiifu.

Jambo la pili la aina ya neno ni mahali pake katika sentensi. Vivumishi vingi vya Kiingereza hukaa kabla ya nomino au baada ya kitenzi cha kuwa, lakini "afraid" ni miongoni mwa kundi dogo linalokataa kukaa mbele ya nomino. Ndugu zake ni "asleep", "awake", "alive", "alone" na "ashamed", ambao wote, kama unavyoona, huanza na herufi a. Husemi "an asleep baby", bali "a sleeping baby", na vivyo hivyo husemi "an afraid child", bali "a frightened child" au "a scared child". Unaweza kusema "the child is afraid", "the child looks afraid" au "the child became afraid", kwa kuwa katika sentensi hizo neno limekuja baada ya kitenzi. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ambayo ina zoezi la kujaza mapengo lenye alama 10, watafaidika wakilikumbuka kundi hili: pengo likitangulia nomino moja kwa moja, jibu haliwezi kuwa "afraid".

Asili ya neno hili nayo ina hadithi yake. Zamani lilikuwa umbo la kutendwa la kitenzi "affray", kilichomaanisha kushtua au kutisha, na ambacho Waingereza walikipokea kutoka Kifaransa cha kale. Wafaransa hadi leo wana "effrayer", kutisha. Ukichimba zaidi unafika kwenye Kilatini cha mitaani kilichochanganya kiambishi chenye maana ya "kutoka nje" na neno la jamii za Kijerumani la amani, lile ambalo katika Kijerumani cha leo ni "Friede". Kwa hiyo "afraid", kwa asili, ni mtu aliyetolewa katika amani yake. Naipenda maana hiyo, kwa sababu inakaribia kabisa jinsi Kiswahili kinavyosema mtu ameingiwa na hofu: lugha moja inaona amani ikitolewa, nyingine inaona hofu ikiingia. Kitenzi "affray" chenyewe kilikufa katika mazungumzo, lakini nomino yake haikufa. Ukisoma Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, utaikuta "affray" likiwa jina la kosa la watu kupigana hadharani, yaani kuvuruga amani ya wengine. Mwendesha boda boda mmoja darasani mwangu alifurahi sana kujua hivyo, kwa kuwa neno la mahakamani alilijua tayari na lile la kawaida ndilo lililokuwa likimshinda.

Sasa tuje kwa wenzake wa neno hili, ambako kuna kazi zaidi. "Afraid" huandamana na "of", "to", "for" au "that", na kila mmoja hubadilisha maana.

Wawili wa kwanza ndio wagumu, na ugumu wao unatoka katika Kiswahili chetu wenyewe. Chukua mvuvi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ambako viboko huja karibu na ufuo na mawimbi ya ziwa huweza kubadilika ghafla jioni. Tunasema mvuvi "anaogopa kuingia ziwani usiku", na tunasema pia "anaogopa kuzama". Katika Kiswahili sentensi hizi zimejengwa sawasawa: kuogopa, kisha kitenzi kinachoanza na ku. Katika Kiingereza hazifanani. Ya kwanza ni "He is afraid to go out on the lake at night", na ya pili ni "He is afraid of drowning". Huwezi kusema "He is afraid to drown", kwa maana hiyo ingedokeza kwamba kuzama ni jambo analofikiria kulifanya ila moyo unamkataza.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni swali moja: je, kitendo hicho kiko mikononi mwake? Kuingia ziwani kuko mikononi mwake. Anaweza kwenda au kubaki, na hofu ndiyo inayomzuia. Hapo "to" inafaa. Kuzama hakuko mikononi mwake, kunampata tu. Hapo tumia "of" na kitenzi chenye "-ing". Jaribu mwenyewe. Mchuuzi anaogopa kuomba mkopo: "afraid to ask for a loan". Mchuuzi anaogopa kupata hasara: "afraid of losing money". Mwanafunzi anaogopa kujibu swali: "afraid to answer". Mwanafunzi anaogopa kufeli: "afraid of failing". Ukikwama na huna muda wa kufikiri, chagua "of" na "-ing", kwa sababu njia hiyo hukubalika pia kwa vitendo vya hiari, kama "afraid of going out at night", ilhali "to" haikubaliki kwa ajali na mikasa.

"Of" hufuatwa pia na jina la kitu au mtu, na hapa hakuna tatizo: "afraid of snakes", "afraid of the dark", "afraid of thunder". Hii ya mwisho nimeitumia mara nyingi katika msimu wa mvua, kwa kuwa radi za jioni za Kisumu huweza kulinyamazisha darasa zima. Zaidi ya hofu yenyewe, kuna msemo ambao Kiswahili nacho kinao: "not afraid of hard work", haogopi kazi. Huu ni sifa, na unafaa katika barua ya maombi ya kazi kuliko ile sentensi ya wakubwa niliyoitaja juu.

"For" ni kiungo kidogo chenye uzito mkubwa. "I am afraid of my son" ni kauli ya mzazi anayemwogopa mwanawe, labda kwa sababu kijana amekuwa mkali au ameingia ulevi. "I am afraid for my son" ni kauli ya mama ambaye mwanawe anaendesha boda boda Kondele hadi usiku wa manane, na hawezi kulala mpaka asikie injini uani. Katika ya pili hatari inamkabili mtoto, na hofu iko kwa mama. Kiswahili chetu hakitusaidii sana hapa, kwa sababu "namhofia mwanangu" huweza kubeba maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa kuangalia uso wa msemaji. Kiingereza hakisubiri uso. Kwa hiyo kabla hujatamka, jiulize ni nani aliye hatarini: kama ni mimi, "of", kama ni yeye, "for".

"That" hufungua sentensi nzima: "I am afraid that the rain will spoil the maize." Mara nyingi neno "that" lenyewe huachwa, hasa katika mazungumzo. Kitenzi cha Kiswahili kinacholingana vizuri zaidi na matumizi haya si kuogopa, ni kuchelea, yaani kuwa na hofu ya jambo lisije likatokea. Sote tunakijua kupitia methali ya mchelea mwana kulia, hulia yeye, lakini katika mazungumzo ya kawaida tumekiacha, nami naona ni hasara. Anayesema "nachelea mvua itaharibu mahindi" amesema kile hasa kinachosemwa na "I'm afraid that".

Na kuchelea ndiko kunakotupeleka kwenye matumizi yaliyomwangusha mama yule sakafuni. Katika Kiingereza cha kila siku, "I'm afraid" mara nyingi haihusiani na hofu hata chembe. Ni njia ya kulainisha habari mbaya, kukataa ombi, au kutokubaliana na mtu bila kumkwaza. Mhudumu wa hoteli anayesema "I'm afraid we are fully booked tonight, sir" haogopi kitu. Kwa Kiswahili angesema, "Samahani, mzee, leo vyumba vyote vimejaa." Daktari yule angetafsiriwa vyema hivi: "Kwa bahati mbaya, itabidi alale hapa usiku huu." Ukikutana na "I'm afraid" katika barua au simu, kwanza angalia kilichofuata. Kama ni habari ambayo msemaji anaijua tayari, na haina hatari kwake, basi sahau kuogopa kabisa, utumie samahani, kwa bahati mbaya, nasikitika, au uniwie radhi, kwa kadiri ya anayezungumza na anayezungumziwa.

Matumizi haya yana masharti yake. Hukaa kwa mzungumzaji mwenyewe na kwa wakati uliopo. "I'm afraid the manager has left" ni adabu. "He is afraid the manager has left" ni hofu halisi ya mtu mwingine, pengine kwa kuwa hajalipwa mshahara. Vilevile "I was afraid the manager had left" inarudi kwenye wasiwasi wa kweli. Ukiongeza neno la kuzidisha, kama "very", adabu hupotea na hofu hurudi, kwa hiyo usiseme "I'm very afraid the bus has gone" ukidhani unaongeza heshima. Pia haitumiki kwa habari njema, isipokuwa kwa mzaha. Huweza kuanza sentensi au kuimaliza: "The bus has gone, I'm afraid." Ukiulizwa swali na jibu ni baya, inatosha kusema "I'm afraid so" kwa ndiyo, au "I'm afraid not" kwa hapana. Mteja akiuliza kama samaki wameisha, "I'm afraid so". Akiuliza kama wapo wengine jikoni, "I'm afraid not".

Wanafunzi huniuliza tofauti kati ya hiyo na "I'm sorry". Kwa kifupi, "sorry" ni ya kosa lako au ya kumpa mtu pole, na sisi Wakenya tumeizoea sana katika maana hiyo ya pole. "I'm afraid" ni ya kupeleka habari. Ukimmwagia mgeni chai, usimwambie "I'm afraid I have spilled tea on you" kana kwamba unasoma taarifa ya habari; omba radhi kwa "I'm so sorry", kisha utafute kitambaa.

Kuhusu jamaa zake wengine, sitakaa sana. "Scared" ni ya mazungumzo zaidi, na "frightened" inakaa popote. Zote mbili zinakubali kutangulia nomino. "Terrified" ni hofu kuu, na "petrified", iliyotokana na neno la Kigiriki la jiwe, ni ya mtu aliyegandishwa na hofu. Kwa magazeti, utakutana na kichwa kama "Five feared dead", ambacho kwa Kiswahili husomeka "Watano wahofiwa kufariki". Hapo anayehofu ni jamii kwa ujumla, na maana yake ni kwamba matumaini ni madogo. Neno "afraid" lenyewe halina nomino yake wala kielezi. Usibuni "afraidness" au "afraidly". Azima "fear" na "fearfully".

Katika matamshi, uzito wote unakaa kwenye silabi ya pili, inayotamkwa kama "frei", na herufi a ya mwanzo hutajwa kwa ufifi sana. Malizia na d, bila kuongeza irabu ya i kwa mazoea ya Kiswahili. Katika "I'm afraid" ya adabu, sema haraka na kwa sauti inayoshuka; ukivuta na kuikazia, msikilizaji atageuka kutazama kilichokutisha.

Kwa mazoezi, huwa nawaambia wanafunzi waandike kwa siku moja kila sentensi yenye kuogopa wanayoisikia, iwe nyumbani, kwenye matatu au sokoni, kisha jioni tuipime moja moja: nani yuko hatarini, je, kitendo kiko mikononi mwake, au ni adabu tu? Mmoja wao, mwendesha boda boda anayesimama kwenye stendi ya uwanja wa ndege, alileta sentensi yake mwenyewe. Mgeni alikuwa amemuuliza bei ya kufika mjini usiku na mvua ikinyesha, naye akataka kuonyesha adabu aliyofunzwa, akasema, "I'm afraid of two hundred shillings." Mgeni alicheka, akamwuliza kama mia tatu zingemtisha zaidi, akampa hizo mia tatu. Siku hizi anasema, "I'm afraid it's two hundred shillings," na abiria hulipa mia mbili bila kucheka, jambo ambalo yeye mwenyewe analalamika kwamba limempunguzia mapato.